Mipigo 100, 250, 300 au 1000: ipi inaifaa mashine yako ya Linux?

Swali hili huulizwa na watu wa aina mbili hapa Mombasa, na jibu la mmoja huweza kumharibia mwenzake. Wa kwanza ni mwenye studio, tuseme Majengo au Kisauni, anayerekodi taarabu na kaswida kwa kompyuta ya Linux na anayetaka sauti irudi masikioni mwa mwimbaji papo hapo. Wa pili ni msimamizi wa seva katika ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari. Usiku mzima mashine yake inachambua rekodi za makasha, na hakuna mtu aliyekaa mbele yake. Wote wamesikia kwamba kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachoigawia kila programu prosesa, ina namba iitwayo HZ, na kwamba ukiipandisha mashine inakuwa nyepesi.

Namba hiyo ina athari, sikatai. Lakini nimeona watu wakitumia usiku mzima kujenga kerneli upya kwa ajili yake, ilhali dawa ya tatizo lao ilikuwa neno moja tu la kuongeza wakati wa kuwasha mashine. Kwa hiyo nitalinganisha namba zenyewe kwanza, halafu niseme wazi ni lini uziache kama zilivyo.

Mpigo unafanya nini

Prosesa huwa na kori, yaani vitengo vinavyofanya kazi kwa pamoja, na kila kori iliyo kazini hukatizwa na saa yake mara kadhaa kwa sekunde. Mpigo ukija, kerneli hushika usukani kwa muda mfupi sana: huhesabu muda uliotumiwa na programu iliyo zamuni, huangalia kama zamu yake imekwisha, hutazama kama kuna kori iliyolemewa huku nyingine imekaa bure, kisha huiachia prosesa iendelee. HZ ni idadi ya mipigo hiyo kwa sekunde. Kwa 100, mpigo huja kila milisekunde 10. Kwa 250 ni kila milisekunde 4, kwa 300 ni 3.3, na kwa 1000 ni kila milisekunde moja.

Aliyezoea kuvuka Likoni hahitaji kufundishwa mvutano uliopo hapa. Feri ikingoja mpaka ijae, kwa siku itavusha watu wengi kwa safari chache, lakini mwenye haraka ataganda kwenye foleni. Ikiondoka kila mara na watu wachache, hakuna anayengoja sana, ila muda mwingi wa chombo unaliwa na kupanda na kushuka. Prosesa iko hivyo hivyo. Kila inapobadilisha programu, hupoteza muda wa kubadilisha, na programu mpya hukuta kumbukumbu ya karibu ya prosesa imejaa data ya mwenzake, ikabidi ianze kuvuta ya kwake upya. Hasara hiyo ya pili aghalabu ni kubwa kuliko mpigo wenyewe.

100 dhidi ya 1000

Kwenye kompyuta za kawaida za Intel, Linux ilikaa na 100 kwa miaka mingi, hadi familia ya matoleo ya 2.4 ya kerneli. Toleo la 2.6, lililotoka Desemba 2003, lilirukia 1000. Wenye seva na wenye laptopu wakalalamika, na mwaka 2005 toleo la 2.6.13 likaifanya namba hiyo iwe ya kuchagua, ikianza na 250. Kwa hiyo 250 ilizaliwa kama suluhu kati ya pande mbili zilizokuwa zikivutana, na ndiyo maana inawafaa wengi bila kumfurahisha yeyote kabisa.

Tofauti ya 100 na 1000 huonekana pale tu kazi zinapokuwa nyingi kuliko kori. Mashine ikiwa na kori za bure, programu iliyoamka hupata kori mara moja wala haingoji mpigo wa mtu. Fungua kivinjari na barua pepe kwenye mashine ya kori 8, hutaona tofauti yoyote hata ukitazama siku nzima. Sasa ipe mashine hiyo hiyo kazi ya kugeuza video ya harusi, kazi inayojaza kori zote, huku wewe unataka kuandika ankara. Hapo ndipo mpigo unapohesabika.

Mpanga zamu wa sasa (sehemu ya kerneli inayoamua programu ipi ishike prosesa), EEVDF, aliingia toleo la 6.6 mwaka 2023 na kuchukua nafasi ya CFS iliyokuwepo tangu 2007. Kwa kawaida ameigawia kila programu kipande cha milisekunde 3 hivi kwenye mashine ya kori 8. Lakini kama kipande kimekwisha au bado, hilo hukaguliwa mpigo unapofika. Kwa 1000, programu itakatwa kwenye milisekunde 3 kama ilivyokusudiwa. Kwa 250 itaendelea hadi ya 4. Kwa 100 itaendelea hadi ya 10. Zikiwa programu tatu nzito zinagombania kori moja, ya nne inayongoja nyuma yao huenda ikasubiri milisekunde 9 kwa HZ ya 1000 na 30 kwa HZ ya 100. Milisekunde 30 kwa mtu anayeburuta dirisha kwenye skrini ni kitu kinachoonekana kwa macho.

Na gharama? Tuchukulie kila mpigo unakula mikrosekunde 2. Kwa 1000, hiyo ni milisekunde 2 katika kila sekunde, yaani asilimia 0.2. Kazi ya usiku ya saa 8 ingerefuka kwa dakika moja hivi. Kwa 250 ingerefuka kwa sekunde 14, kwa 100 kwa sekunde 6. Ongeza hasara ya kubadilisha programu niliyoitaja, ambayo hutegemea kazi yenyewe. Ndiyo kusema 1000 ina bei, lakini kwa mashine ya chuma iliyo mezani kwako, bei hiyo ni ndogo kuliko sifa yake mbaya.

Watengenezaji wa mifumo ya Linux nao wameelekea huko. Fedora imekuwa ikitumia 1000 kwa muda mrefu. Ubuntu ilikaa na 250 hadi toleo la 24.10, Oktoba 2024, ilipohamia 1000 kwenye kerneli yake ya kawaida. Debian imebaki na 250. Kama unatumia Ubuntu mpya kisha unasoma ushauri wa mwaka 2012 unaokuambia uijenge kerneli upya ili upate 1000, funga ukurasa huo, maana 1000 unayo tayari.

250 dhidi ya 300

Hapa nitapita haraka. Faida ya 300 ni ya hesabu: inagawanyika sawasawa kwa 25, 30, 50 na 60, yaani idadi ya picha kwa sekunde zinazotumika kwenye video. 250 inagawanyika kwa 25 na 50 lakini si kwa 30 wala 60. Zamani, programu za video zilipotegemea mpigo kujua lini zionyeshe picha inayofuata, jambo hili lilikuwa na uzito. Siku hizi kerneli ina saa za usahihi mkubwa zisizofungwa na HZ, na programu ikiomba kuamshwa baada ya mikrosekunde 500 itaamshwa karibu na hapo hata kama HZ ni 100. Sioni sababu ya mtu kujenga kerneli ili tu ahame kutoka 250 kwenda 300.

Neno lenye uzito kuliko HZ

Kuna swali jingine ambalo watu hulichanganya na HZ: kerneli ikiwa katikati ya kazi yake yenyewe, je, inaweza kupokonywa prosesa ili programu ya haraka iingie? Majibu yake yana majina ya Kiingereza ambayo lazima uyaandike hivyo hivyo. `none` maana yake kerneli haipokonywi mpaka imalize au ilale yenyewe. `voluntary` maana yake inajitolea kupisha katika vituo maalumu. `full` maana yake inaweza kupokonywa karibu popote. Tangu 6.13, ya Januari 2025, kuna pia `lazy`: programu za kawaida hazipokonyani kwa pupa, hungoja hadi mpigo, lakini zile za wakati halisi, zisizoweza kungoja, hupita papo hapo.

HZ ukitaka kuibadilisha unajenga kerneli upya. Hili la pili, kama kerneli yako imejengwa na PREEMPT_DYNAMIC (uwezo wa kuchagua jibu hilo bila kujenga upya), jambo lililoanza toleo la 5.12, ni neno moja wakati wa kuwasha. Andika `uname -v` uone kama jina hilo limo. Likiwemo, fungua `/etc/default/grub`, faili ya mipangilio ya GRUB inayoiwasha kerneli, ongeza `preempt=full` kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, endesha `sudo update-grub`, zima na uwashe. Dakika tano, na ukijuta unafuta neno lile lile.

Studio

Mwimbaji amevaa vipokea sauti, mpiga udi ameketi pembeni, na malalamiko huwa ni yale yale: "Fundi, nikiimba hapa, sauti yangu yaja nyuma." Fundi akasikia kuchelewa, akakumbuka HZ.

Tuhesabu. Kadi ya sauti hukusanya sampuli, yaani vipande vidogo vya sauti, kwenye bafa (kumbukumbu ya kungojea) kabla ya kuzikabidhi. Bafa ya sampuli 1024 kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde ni milisekunde 21. Sauti inaingia na kutoka, kwa hiyo mwimbaji anajisikia baada ya zaidi ya milisekunde 42. Wanamuziki wengi huanza kusumbuka ukipita milisekunde 10 hivi, na mpiga udi mwenye vidole vyepesi huwahi kusumbuka kuliko mwimbaji. Punguza bafa hadi 128 na kila upande unakuwa milisekunde 2.7. Sasa uko pazuri. Hukugusa HZ hata kidogo.

Tatizo linalofuata ndilo la kweli. Kwa bafa ya 128, programu ya sauti lazima iamke na kumaliza kazi kila milisekunde 2.7 bila kukosa. Ikikosa mara moja unasikia mkwaruzo, na rekodi nzuri ya ubeti mzima imekwenda. Kinachoiamsha programu hiyo ni kadi ya sauti yenyewe, si mpigo wa HZ. Kinachoweza kuizuia ni programu nyingine iliyokalia kori, au kerneli iliyoshughulika na diski na isiyopokonyeka. Kwa hiyo dawa ni mbili. Kwanza, ipe programu ya sauti kipaumbele cha wakati halisi: mtumiaji awe kwenye kundi la `audio`, na faili iliyo ndani ya `/etc/security/limits.d` iwe na mistari `@audio - rtprio 95` na `@audio - memlock unlimited`, kisha atoke na kuingia upya. Pili, `preempt=full`. Programu yenye kipaumbele hicho haingoji kipande cha mtu wala mpigo. Ikiamka inapita mbele.

Nikilinganisha kwa studio basi, 250 pamoja na `full` na kipaumbele sahihi inaishinda 1000 pamoja na `voluntary` bila kipaumbele, tena kwa mbali. 1000 pamoja na `full` ni bora zaidi kidogo, na kama Ubuntu yako inayo tayari, furahi nayo. PREEMPT_RT, iliyoingizwa rasmi katika kerneli kuu toleo la 6.12 mwaka 2024 baada ya takriban miaka 20 ya kuishi kama viraka vya pembeni, hubana ucheleweshaji mbaya kabisa hata zaidi, lakini hupunguza kiasi cha kazi ambayo mashine inamaliza. Mwenye studio ndogo hana haja ya kuanzia huko.

Ukitaka kupima, kifurushi cha rt-tests kina `cyclictest`, inayopima programu huchelewa kiasi gani kuamka. Iendeshe kwa `sudo cyclictest -m -S -p 80 -i 1000` huku ukiipa diski kazi nzito upande wa pili, na macho yako yawe kwenye safu ya Max, yaani kuchelewa kukubwa kabisa. Wastani mzuri hauokoi rekodi iliyokwaruzwa. Jua pia kwamba kipimo hiki kinapima nyuzi (mikondo ya kazi ndani ya programu) zenye kipaumbele cha wakati halisi, kwa hiyo hakitakuonyesha tofauti ya 250 na 1000. Anayekuletea matokeo ya `cyclictest` kama ushahidi wa HZ amepima kitu kingine.

Ofisi ya forodha

Huku swali ni moja: ripoti ya usiku inaisha saa ngapi? Hakuna kidole kinachongoja herufi itokee kwenye skrini. Kwa seva ya namna hii nachagua 250 na kuacha mpangilio wa upokonyaji ulivyokuja na mfumo. Sikimbilii 100, kwa sababu mchana seva hiyo hiyo hupokea maombi ya makarani walioketi madirishani na madereva wa malori wakisubiri hati nje, na hapo wepesi wa kuitika una thamani.

Kabla ya kugusa namba yoyote, jaribu kitu cha bei rahisi zaidi. Kama ripoti nzito inawazuia makarani, iendeshe kwa `nice -n 19`, au kwa `chrt -b 0`, inayomwambia mpanga zamu kwamba hii ni kazi ya mafungu, isiyo na haraka. Tatizo likiwa ni kazi moja, mpe dawa kazi hiyo moja. Kubadilisha HZ ni kubadilisha maisha ya kila programu iliyomo.

Mahali pekee ninapoitetea 100 kwa moyo wote ni kwenye mashine pepe, yaani kompyuta zinazoigwa kwa programu, zikiwa nyingi na zimebanwa ndani ya chuma kimoja. Mpigo ndani ya mashine pepe mara nyingi hulazimisha kutoka kwa mgeni (mashine pepe) kwenda kwa mwenyeji (mfumo wa chuma chenyewe) na kurudi, na safari hiyo ni ghali kuliko mpigo wa kawaida. Mashine pepe 30 zenye shughuli, kila moja ikiwa na kori 2 na HZ ya 1000, ni mipigo 60,000 kwa sekunde. Kwa 100 ni 6,000. FreeBSD, mfumo mwingine usio Linux, hufanya uamuzi huu yenyewe: kwa kawaida hutumia 1000, ikijigundua iko ndani ya mashine pepe hushuka hadi 100. Kama umekodi mashine pepe moja tu kwa mtu, huna la kubadilisha. Endesha `vmstat 1` utazame safu ya `st`. Ikiwa inapanda, majirani zako ndio wanaokula prosesa, na HZ haitakusaidia.

Laptopu na betri

Wapo wanaoogopa 1000 kwa sababu ya betri, na stima yetu inayokatika inaufanya woga huo ueleweke. Ulikuwa na msingi kabla ya 2007. Mwaka huo toleo la 2.6.21 lilileta uwezo wa kuzima mipigo kori inapokaa bure, na siku hizi karibu kila mfumo wa kawaida umewashiwa uwezo huo. Kori iliyolala haipigwi mara 1000, wala mara 100. Kinachomaliza betri ni programu zinazoamka ovyo, na `powertop` itakuonyesha ni zipi kwa majina. Hapo ndipo pa kuanzia, hasa miezi ya joto, feni inapozunguka bila kupumzika.

Na Windows?

Mwenye cyber yenye Windows hana HZ ya kujenga, lakini ana mvutano ule ule. Saa yake ya kawaida hupiga kila milisekunde 15.6, yaani mara 64 kwa sekunde, na programu inaweza kuomba ishuke hadi milisekunde 1. Tangu Windows 10 toleo la 2004, la mwaka 2020, ombi la programu moja haliziathiri tena zote kama zamani. Urefu wa zamu nao hutofautiana: Windows ya mezani huanza na mipigo 2, Windows ya seva hutumia 12, karibu milisekunde 187. Kwenye mipangilio ya juu ya mfumo, sehemu ya utendaji, kuna vitufe viwili tu: kupendelea programu, au kupendelea huduma za nyuma ya pazia. Kwa cyber weka programu. Kwa mashine inayohifadhi mafaili ya ofisi nzima, weka huduma.

Kujua unayo ipi sasa

Andika `grep CONFIG_HZ= /boot/config-$(uname -r)` na jibu litatoka. Usitumie `getconf CLK_TCK`. Itakuambia 100 hata kama kerneli yako ni ya 1000, kwa sababu hiyo ni namba ya kudumu inayoonyeshwa kwa programu za nje ili zisivurugike. Wengi wameaminishwa na amri hiyo kwamba mfumo wao ni wa kizamani.

Ukitaka kuiona mipigo yenyewe, andika `watch -n1 grep LOC /proc/interrupts`. Utaona safu moja kwa kila kori. Ukiwa hujagusa kitu, namba zinajivuta polepole, maana kori zimelala. Fungua terminali nyingine, ipe kori moja kazi isiyo na mwisho kwa `taskset -c 2 yes > /dev/null`, na safu ya kori hiyo itaanza kukimbia kwa takriban 250 au 1000 kila sekunde, kulingana na HZ yako. Zima kazi hiyo, itatulia tena.

Ukishaamua kujenga kerneli yako, mwenye studio aweke 1000 na `full`, mwenye seva aweke 250. Pima kazi yako halisi kabla na baada: ripoti ile ile kwa `time`, wimbo ule ule kwa bafa ile ile. Na kerneli ya zamani usiifute kwenye menyu ya GRUB mpaka mpya imalize wiki nzima ya kazi za kweli, ikiwemo siku ambayo stima imekatika na UPS ikashika.